Kumuaga Mwalimu Muombe-Mwenyewe

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Mwenyekiti wa Bodi na wajumbe wako, waheshimiwa wakuu wa idara, walimu wetu, Mama yetu, mke wa Mwalimu, fundi cherehani ambaye nusu ya ukumbi huu imevaa kazi ya mikono yake, ndugu wageni waalikwa, ndugu zangu mliosoma hapa zamani na leo mmefunga ofisi mapema kwa visingizio mnavyovijua wenyewe, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa pili mliojibana kule nyuma mkidhani sioni nani anatafuna: hamjambo?

Asanteni. Sasa hebu tutazame kilichotokea. Nimetoa salamu moja tu, neno lile lile, kwa watu wote. Mheshimiwa Mkuu ameinua mkono kidogo, kwa heshima zake. Walimu wetu wametikisa vichwa kama watu wanaosahihisha mtihani. Babu yetu, mlinzi wa getini, amepiga saluti. Na kule nyuma mmepiga kelele ambazo nadhani zimefika barabarani. Kila mmoja ameitikia kwa namna yake, na mimi sikumwelekeza yeyote. Mwalimu, nakuona unacheka. Unajua ninakoelekea. Tulia, leo wewe ni mgeni, hakuna kuninyooshea kidole.

Kwa wasionifahamu, mimi ni msaidizi wa maabara ya kompyuta. Ndimi yule mnayemkimbilia printa ikigoma, na mnayemsahau ikipona. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa chuo hiki hiki, mwaka wa pili, Chumba cha Pili, mbele ya huyu Mwalimu tunayemsindikiza leo kwenye mapumziko yake. Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya wote aliowafundisha, na nizungumze kwa ufupi. Mshereheshaji ameshaanza kunikodolea macho kwa sababu ananijua. Kaa chini, mdogo wangu, utachoka bure.

Wageni waalikwa, pengine mnajiuliza: huyu mzee amefundisha nini hasa, hata watu wazima wanatoka makazini kuja kumuaga? Amefundisha kuandika programu kwa vitu. Ngoja nieleze, msikimbie. Mwaka wa kwanza mwanafunzi anajifunza kuiamuru kompyuta: fanya hiki, halafu hiki, halafu kile, kama mtu anayesoma maelekezo ya kuchemsha chai. Anafaulu, kichwa kinamvimba, anawaambia nyumbani kwao kwamba sasa yeye ni mtaalamu na asitumwe tena dukani. Mwaka wa pili anaingia kwa Mwalimu, na hapo ndipo anapoona cha mtema kuni. Anaambiwa kwamba programu kubwa haiandikwi kama maelekezo ya chai. Inajengwa kwa vitu vingi vidogo, kila kimoja kina habari zake, kila kimoja kinaijua kazi yake, na vyote vinakwenda kwa kuombana. Mwanafunzi anaitikia, "Ndiyo, Mwalimu, nimeelewa." Hajaelewa chochote! Mimi niliitikia hivyo kwa wiki nyingi, na nilikuwa nakodoa macho tu.

Mwalimu mwingine angeandika maana ubaoni, tukanakili, tukakariri, tukafaulu, tukasahau. Wetu alifanya nini? Aliiba. Ndiyo, Mwenyekiti wa Bodi, umesikia vizuri, na aliyeibiwa amekaa mstari wa mbele hapo.

Asubuhi moja aliingia darasani na karatasi ya kaki iliyokatwa umbo la gauni. Akaishikilia kifuani, akazunguka chumba kizima kwa madaha, na tumbo lile mnalolijua. "Nimependeza?" Tukaangua kicheko. "Mnacheka nini? Si nimevaa gauni?" Binti mmoja wa mbele akasema, "Mwalimu, hiyo ni karatasi, huwezi kwenda nayo harusini." Mwalimu akaruka kama aliyepata bahati. "Ahaa! Rudia, wa nyuma wasikie. Karatasi haivaliwi! Hiki ni kiolezo, kinaeleza tu gauni litakuwaje. Magauni yenyewe ndiyo vitu. Kwa karatasi hii moja mke wangu ameshona la buluu, ameshona la maua, ameshona la bibi harusi na la shangazi yake. Shangazi akimwagiwa mchuzi, la bibi harusi linaingia doa?" Tukajibu kwa pamoja, "Haliingii!" Akampa yule binti ile karatasi aizungushe, kila mtu aiguse.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Mama, utepe wa kupimia bado uko shingoni. "Nina mteja amesimama kwangu amevaa nusu nguo," akasema, "na karatasi yangu imekuja kusoma chuo?" Mwalimu akamwonyesha yule binti na kusema kwa sauti ya upole kabisa, "Iko kwake. Muombe mwenyewe." Mama akamtazama juu mpaka chini. "Mimi? Niombe changu?"

Tulivunjika mbavu. Mwalimu mwenyewe alilazimika kujishika ubaoni. Lakini jamani, Mama hakuondoka upesi. Alipewa karatasi yake, akasimama pale mlangoni akisikiliza mpaka kipindi kikaisha, mteja akiwa bado nusu nguo, masikini. Na haukupita muda mrefu, zikaja zile aproni.

Wageni, ninyi hamzijui, lakini muulizeni yeyote aliyesoma hapa uone uso wake utakavyobadilika. Mama alizishona kwa mabaki ya vitambaa, za rangi zote, kila moja ina mfuko mmoja mkubwa tumboni. Zilining'inia kwenye misumari ukutani mwa Chumba cha Pili. Meza zote zimesukumwa pembeni, katikati pako wazi, na juu yetu feni inayolia kama inadai haki yake. Kabla hujagusa kompyuta, unavaa aproni. Wewe ni Mgonjwa. Wewe ni Daktari. Wewe ni Foleni. Habari zako zimeandikwa kwenye kadi, na kadi ziko mfukoni mwako, basi. Foleni akitaka kujua Mgonjwa ana umri gani, afanye nini? Mara ya kwanza kila mtu hufanya kosa lile lile: anatia mkono mfukoni mwa mwenzake. Na hapo Mwalimu hupiga makofi mpaka vioo vinatikisika: "Toa mkono! Muombe mwenyewe!"

"Lakini Mwalimu, huyu ni rafiki yangu."

"Leo ni rafiki yako. Kesho ataamua kuweka tarehe ya kuzaliwa badala ya umri, na wewe utabaki unapapasa hewa. Muombe mwenyewe, atakujibu, na namna alivyozipanga kadi zake haikuhusu ndewe wala sikio."

Ndilo likawa jina lake. Mwalimu Muombe-Mwenyewe. Alijifanya hajui kama tunamwita hivyo, au sisi ndio tulidhani hajui. Mpaka leo sijapata uhakika.

Sasa naomba Haraka asimame. Usijifiche nyuma ya huyo mkeo, simama watu wakuone. Wageni waalikwa, huyu bwana mwenye suti nzuri ana kampuni yake ya programu, na vijana wengi wa chuo hiki anawaajiri yeye. Enzi zetu tulimwita Haraka kwa sababu alimaliza kuandika kabla Mwalimu hajamaliza kuuliza. Kaa, asante. Umependeza, lakini nitakusema vilevile.

Kundi letu lilipewa kazi ya kuitengenezea zahanati ya jirani programu ya kupanga foleni ya wagonjwa. Siku ya kuionyesha, muuguzi mkuu alikuja mwenyewe, akaketi mbele, mikono kifuani. Haraka akajitolea kuiendesha. Akamwandikisha Babu wa getini: kikohozi. Akamwandikisha mwalimu wa hisabati: jino. Akaandikisha na wengine, na wa mwisho akawa mama mmoja: mjamzito, miezi saba. Yote yakaenda vizuri. "Sasa," akasema Haraka, akikunja mikono ya shati kama fundi bomba, "tuione foleni yetu." Akabonyeza.

Wa kwanza: mjamzito, miezi saba. Wa pili: mjamzito, miezi saba. Wa tatu, hivyo hivyo. Foleni nzima ina mimba! Mwalimu wa hisabati akajishika tumbo bila kujua. Babu akasimama, akavua kofia, akasema kwa adabu, "Wajukuu zangu, mimi nilikuja na kikohozi." Na muuguzi mkuu, mtu ambaye tuliambiwa huwa hacheki, akamgeukia na kumuuliza, "Hongera, Babu. Unatarajia lini?"

Ukumbi ulicheka, nasi tulicheka, lakini Haraka hakucheka. Alikusanya vitu vyake, akatupa begi begani, akatoka. Tulidhani amekwenda kunawa uso. Kumbe alikuwa amekata shauri: anaacha chuo, hafai, amejiaibisha, basi. Alifika getini, na getini yuko nani? Babu alikuwa ameshawahi kurudi kazini kwake. Akamzuia kwa fimbo yake na kumwambia, "Kijana, unaniacha na mimba hii unakwenda wapi?"

Haraka alicheka akilia, au alilia akicheka, sijui, mwenyewe atasema. Akarudi. Na Mwalimu alimpokeaje? Hakumgombeza. Hakumbembeleza pia. Na kibodi hakuigusa. Katika miaka yote niliyomwona, Mwalimu hajawahi kugusa kibodi ya mwanafunzi. Alichukua aproni moja ya Mgonjwa, moja tu, akamvisha Haraka. Akamtia kadi mfukoni: kikohozi. Akamwambia aliyevaa aproni ya Foleni, "Nafasi ya kwanza, mnyooshee kidole huyu." Kisha akaitoa kadi ile, akatia ya jino. "Nafasi ya pili, mnyooshee huyu." Akaitoa tena, akatia ya mimba. "Ya tatu, huyu. Haya, Foleni, waite kwa zamu."

"Wa kwanza!" Haraka akasimama, akatoa kadi: mjamzito. "Wa pili!" Haraka akatazama huku na huku, akasimama tena: mjamzito. "Wa tatu!" Hapo akapiga ukelele ambao bado unanilia masikioni: "Mwalimu! Niko peke yangu! Nimetengeneza mgonjwa mmoja tu, kila mara nambadilisha kadi!" Akaikimbilia kompyuta na aproni yake, akauchukua mstari mmoja, ule wa kutengeneza mgonjwa, uliokuwa juu ya mzunguko, yaani ile sehemu ya programu inayojirudia, akauingiza ndani ya mzunguko, kila anayeandikishwa apate aproni yake mwenyewe. Akabonyeza. Babu akapata kikohozi chake. Hatujawahi kushangilia kikohozi namna ile.

Mwalimu alifuta ubao, akavua miwani, akasema tuondoke, kuna darasa lingine linasubiri.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, sasa naja kwako, na naomba univumilie. Kwenye kikao cha walimu ulitueleza kwamba Mwalimu akiondoka hakuna wa kulishika somo hili. Ulitangaza nafasi, ukangoja, hakuna aliyejitokeza. Kwa hiyo Mwalimu amerekodiwa video, na kuanzia muhula ujao wanafunzi wote wa mwaka wa pili watakusanywa kwenye ukumbi mkubwa waonyeshwe. Chumba cha Pili kitapangwa meza kwa safu. Sikulaumu, Mheshimiwa, hata kidogo. Ungefanyaje? Lakini juzi nilipita stoo nikakuta aproni zimekunjwa ndani ya katoni, na juu yake mtu ameweka ndoo ya deki. Niliumia, sitawaficha. Niliiondoa ile ndoo, nikasimama pale kama mfiwa.

Nimezitazama video zote. Ni nzuri. Mwalimu amevaa tai, ameketi vizuri, hata tumbo limefichwa na meza. Lakini kuna mahali anauliza, "Mmeelewa?" Halafu anasubiri. Anaitazama kamera, kwa mazoea yake, akitafuta uso wa yule anayeitikia ndiyo huku amekodoa macho. Uso ule ulikuwa wangu. Mwalimu aliuona, akanivisha aproni. Kamera itamvisha nani? Samahani kwa kusema hivi mbele za watu, lakini hili ni kosa la Haraka tunataka kulirudia: tunamtengeneza mwalimu mmoja, tunamnyooshea kidole kila mwaka, na tunashangaa foleni nzima ikitoka na mimba.

Sasa, kwa nini hakuna aliyeomba nafasi? Naweza kumsemea mmoja. Shahada yangu nimeimaliza, nimeisoma jioni baada ya kazi, wengi mnajua. Haraka ameniita kwenye kampuni yake, kwa maneno matamu na kiti kinachozunguka. Basi chuo kizima kikajiamulia kwamba naondoka. Na wewe, Mwalimu, ndiye uliyenichosha zaidi! Tangu kikao kile unapita mlangoni pa maabara, unanitazama usoni, unaguna, unarudi ulikotoka. Unadhani sikujua unatafuta nini? Ulikuwa unapapasa mfukoni mwangu, Mwalimu! Wewe, mwenye kanuni yako! Kwa nini hukuniomba mwenyewe? Na mimi, mwanafunzi wako mwema, nikawa nasubiri niombwe, nikikasirika kwamba siombwi. Tumekaa kama mabubu wawili, aproni zinaliwa na ndoo ya deki.

Basi leo napiga moyo konde. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, sitapitia kwa katibu wako, wala sitamtuma mtu akupime kwanza una hali gani. Nakuomba mwenyewe, mbele ya watu wote hawa. Naomba nifundishe somo la mwaka wa pili. Naomba Chumba cha Pili kiachwe kilivyo, na aproni zirudi kwenye misumari yake. Haraka, ndugu yangu, nakushukuru sana; kile kiti utampata wa kukizungusha.

Nimemaliza kuomba.

Jamani! Hata kule nyuma wameacha kutafuna.

Amesimama. Mheshimiwa amesimama. Nyamazeni kwanza, nyamazeni, kipaza sauti hakijamfikia, ngoja niwarudishie aliyosema. Anasema, "Na wewe, siku zote hizi, mbona hukuniomba?"

Haya, nimekamatwa. Chekeni tu, nastahili. Na anasema ndiyo! Anasema Jumatatu nifike ofisini kwake na vyeti vyangu, na stoo ifunguliwe leo leo!

Asante, Mheshimiwa. Asante sana. Ninyi wa nyuma, msirushe viti. Mngejua mazoezi nitakayowapa mngekaa kimya. Mama, mbona unakuja huku na huo mkoba? Wageni waalikwa, hii ni siri yetu, na Mama ameamua kuitoa. Nilikwenda kwake wiki hii kuomba anishonee aproni. Nikamwambia, Mama, nikikataliwa nitaivalia jikoni. Hii hapa. Ameikata kwa karatasi ile ile aliyokatia ya kwanza, na mfuko wake bado mtupu. Mwalimu, usinitazame hivyo utaniliza. Mimi sitakuwa wewe, sina sauti yako, na vichekesho vyako vingine sivitaki hata bure. Kiolezo kimoja, aproni nyingine, kadi nitazijaza mwenyewe. Lakini mwanafunzi atakayeniambia ameelewa huku amekodoa macho, nitamuona. Hilo nakuahidi, kwa sababu wewe uliniona.

Nenda kapumzike, Mwalimu wangu. Msaidie Mama kukunja nguo, na karatasi zake uziombe.

Namshukuru Mheshimiwa kwa jibu lake, Mama kwa mikono yake, Babu kwa kulinda geti na walio karibu kulitoroka. Nawashukuru wote kwa masikio yenu na subira yenu, hata wewe mshereheshaji. Sasa nalirudia lile la mwanzo. Natoa neno moja tu, na sitamwelekeza yeyote namna ya kuitikia: mwenye saluti apige saluti, mwenye machozi alie, mwenye kelele nadhani hahitaji ruhusa.

Mwalimu Muombe-Mwenyewe yuko pale, amesimama. Muageni.